Saa za mezani: hoja ya kukaa na familia ya wenyeji ukisoma Kihispania

Mtu wa Nairobi akitangaza kwamba anakwenda Uhispania kusoma lugha, ushauri wa kwanza huwa wa malazi: tafuta chumba chako, kaa na wanafunzi wenzako, usijifunge katika nyumba ya watu. Wazazi wake wana hofu nyingine. Mtoto atalala kwa watu wasiowajua, katika mji usio na shangazi wala mtu wa nyumbani wa kuulizia tabia zao. Kisha hutokea wa tatu anayeuliza safari yenyewe ni ya nini, ilhali Kihispania kinafundishwa papa hapa mjini, jioni, baada ya kazi. Wote watatu wana hoja na nitazipitia. Lakini hakuna kati yao anayehesabu kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha kujifunza lugha: dakika ambazo mwanafunzi mwenyewe anafungua kinywa na kusema.

Foreign Service Institute, taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha, hukiweka Kihispania katika kundi la lugha nyepesi zaidi kwa mzungumzaji wa Kiingereza. Hata hivyo kwa miaka mingi ilikitengea kati ya saa 600 na 750 za darasani kabla mtu hajaweza kukifanyia kazi. Huenda sisi tukahitaji pungufu. Msemaji wa Kiswahili anaingia darasani akiwa na irabu zile zile tano, na amezoea tangu utotoni kitenzi kinachobeba mtendaji ndani yake, jambo ambalo Mmarekani analipigania kwa miezi. Lakini tuchukue saa 600 kuwa kipimo. Kozi ya jioni yenye vipindi viwili vya saa mbili kwa wiki inakupa saa nne. Saa 600 zitatimia baada ya wiki 150, karibu miaka mitatu, bila likizo, bila ugonjwa, bila jioni hata moja iliyoliwa na msongamano wa Thika Road.

Na hizo ni saa za kuketi darasani. Darasa la watu kumi na wawili, kwa saa mbili, lingempa kila mmoja dakika kumi endapo mwalimu angenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu hanyamazi, wala hapaswi kunyamaza. Tuseme basi dakika tano kwa kipindi, kumi kwa wiki. Kwa mwaka wa masomo wa wiki 40 zinakuwa dakika 400. Hazifiki saa saba. Mwaka mzima wa karo, nauli na kuchelewa kulala umezaa chini ya saa saba za mtu kusema Kihispania.

Sasa tupime nyumba ya wenyeji kwa kipimo hicho hicho. Nchini Uhispania chakula cha mchana huliwa saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au hata saa nne, na watu wakimaliza kula hawanyanyuki. Kahawa inaletwa, habari za majirani zinaletwa, siasa inazuka. Kikao hicho cha baada ya kula wanakiita sobremesa, na kwa mwanafunzi ndicho darasa lenyewe. Mtu anayekaa na wenyeji wawili, akaketi nao saa mbili kwa siku na kupata theluthi yake ya mazungumzo, amesema dakika 40. Siku kumi zinamfikisha dakika 400. Punguza fungu lake liwe nusu ya hapo, kwa sababu ni mgeni na msamiati wake ni haba: siku ishirini. Lipunguze nusu tena: siku arobaini. Hata kwa kipimo hicho cha ubahili, mwaka mzima wa darasa la jioni umeingia ndani ya mwezi mmoja na siku kumi hivi.

Tena dakika za mezani si sawa na za darasani. Darasani unaulizwa swali ambalo jibu lake liko kwenye ukurasa. Mezani unaulizwa kwa nini hukumaliza chakula, nawe lazima ueleze bila kumwudhi aliyekipika. Unatafuta namna ya kukataa sahani ya pili, ya kusema chumba kina baridi, ya kuomba kutumia mashine ya kufulia siku isiyo yako. Runinga iko wazi, watu wawili wanasema kwa wakati mmoja, na hakuna anayepunguza kasi. Mtihani wa DELE, wa kupima Kihispania cha wageni, unaotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya kueneza lugha yake, una sehemu ya kusikiliza inayowaangusha watu waliosoma kwa bidii kubwa, kwa sababu masikio yao yamezoea sauti moja tu, ya mwalimu wao.

Wanaoipinga hoja yangu nao wana ushahidi, na si haki kuuficha. Mwaka 1998 mtafiti William Rivers alichunguza Wamarekani waliokwenda Urusi, akakuta waliokaa na familia walipiga hatua ndogo katika kusema kuliko waliokaa bwenini, ingawa katika kusoma waliwazidi. Mwaka 2004 Barbara Freed, Norman Segalowitz na Dan Dewey waliwalinganisha wanafunzi wa Kifaransa wa aina tatu: waliobaki darasani kwao, waliokwenda Ufaransa, na waliofungiwa katika kozi ya nguvu kwao Marekani ambako walitakiwa kutumia Kifaransa peke yake. Kundi la tatu ndilo lililoongoza kwa ufasaha. Anayesema safari ni upotevu wa pesa anaweza kuitaja kazi hiyo na akaishia hapo.

Mimi siishii hapo, kwa sababu sababu yao ya kuongoza ilikuwa wazi: walitumia Kifaransa saa nyingi zaidi kwa wiki kuliko wenzao waliokuwa Ufaransa. Ni hesabu ile ile ya dakika. Waliosafiri walisema kwamba nje ya darasa walitumia Kiingereza zaidi ya Kifaransa. Mwaka huo huo Segalowitz na Freed walichapisha utafiti mwingine juu ya wanafunzi 40 wa Kihispania, baadhi Alicante nchini Uhispania na wengine Colorado kwao Marekani, na hapo waliokuwa Alicante ndio waliosonga mbele zaidi katika kusema. Kuvuka bahari peke yake hakumfundishi mtu. Nyumba nayo haimfundishi mtu anayekula haraka na kurudi chumbani na simu yake.

Hili Nairobi inalijua vizuri kuliko tunavyokiri, kwa kuwa sisi wenyewe ni wenyeji. Kila mwaka huja wanafunzi wa kigeni wa Kiswahili wanaokaa na familia za mitaa yetu. Tunawapokea kwa "karibu sana", tunauliza habari ya safari, kisha kwa huruma tunahamia Kiingereza, na watoto wanafuata. Mgeni anaondoka akiwa amependwa sana na amejifunza kidogo. Wanaofaulu ni wale ambao nyanya wa nyumba hiyo hakuwa na Kiingereza cha kuwapa, au waliotiwa jikoni mapema wakamenya viazi huku wakisengenya pamoja na wenzao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: wahenga walikuwa wakizungumzia kazi, lakini jembe ndilo linalomtoa mgeni sebuleni na kumtia katika maneno ya nyumba.

Mkenya ana hatari ya ziada katika jambo hili. Kiingereza chetu ni kizuri, na ndicho tunachokikimbilia mbele ya mgeni yeyote. Baadhi ya nyumba za Uhispania hupokea wanafunzi wawili watatu kwa pamoja kwa sababu ni kipato. Ukiwekwa pamoja na Mjerumani na Mmarekani, lugha ya meza itakuwa Kiingereza kabla ya supu kupoa, na hesabu yangu yote ya dakika 40 itaporomoka.

Wanaopendelea chumba cha kupanga na vijana wenzao wana hoja moja ninayoikubali kabisa: mwenyeji mwenye miaka sitini na zaidi hatakufundisha lugha ya vijana, wala hatakupeleka wanakokwenda. Nyumba ya kupanga yenye Wahispania wa rika lako ni mali. Tatizo ni kuipata kwa miezi mitatu ukiwa bado huwezi kujieleza kwa simu. Zinazopatikana kwa wepesi ni zile zilizojaa wanafunzi wa kigeni, na hapo tumerudi kwenye meza ya Kiingereza.

Hofu ya wazazi siipuuzi. Kumkabidhi binti yako wa miaka kumi na tisa kwa nyumba usiyoijua ni jambo zito, na mtu mweusi ana haki ya kuuliza kama nyumba hiyo imewahi kumpokea mtu mweusi na ilikuwaje. Mwislamu wa South C au Eastleigh aseme mapema kuhusu nyama ya nguruwe, kwa sababu katika jiko la Uhispania hujificha hadi ndani ya mchuzi wa dengu. Lakini hofu hizo zote zinaulizika na zinajibika kabla ya kulipa, na shule inayojiheshimu hukubali kukubadilishia nyumba. Chumba ulichokipata mtandaoni peke yako hakina wa kukubadilishia.

Pesa ndiyo hoja nzito kuliko zote. Ada ya viza ya Schengen, ile fupi ya kuingia Uhispania na nchi jirani zake za Ulaya kwa siku zisizozidi 90, ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 mwezi wa Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Kwa viza ndefu ya mwanafunzi, Uhispania hudai uonyeshe yuro 600 kwa kila mwezi wa kukaa, takriban shilingi 90,000. Wako wanaoitazama Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati inayosema Kihispania, hasa miji ya Antigua na Quetzaltenango, ambako desturi ni mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, kwa muda wa saa nne kila asubuhi, na nyumba inayokulisha mara tatu kwa siku isipokuwa Jumapili. Kwa dakika za kusema sioni mpango unaoushinda huo. Ila nauli ya kuvuka Atlantiki humeza unafuu wa karo, isipokuwa kwa anayekaa muda mrefu. Guinea ya Ikweta, nchi pekee ya Afrika huru ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, iko karibu zaidi kwenye ramani, lakini haina jina katika biashara hii ya shule na nyumba za wenyeji.

Kwa hiyo simshauri kila mtu aende. Anayelenga ukalimani wa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, ambako Kihispania ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, anahitaji miaka ya chuo, na nyumba ya wenyeji ni kipande tu cha safari hiyo. Asiyejua hata kujitambulisha asiende bado. Mtu anayeketi mezani bila sarufi ya msingi hukaa kimya, na kimya hakihesabiwi. Darasa la jioni ambalo nimelibana hapo juu lina kazi yake hapo: mwaka mmoja wa kufika kiwango cha A2, ngazi ya pili kati ya sita za kipimo cha lugha cha Ulaya, mtu aweze kusimulia siku yake hata kwa makosa.

Ninayemfikiria zaidi ni mwelekezi wa watalii. Kazi yake ni ya kinywa, siku nzima, ndani ya gari. Agosti ndio mwezi ambao Wahispania huchukua likizo, na ndio mwezi ambao nyumbu wako Maasai Mara. Aprili na Mei, mvua ya masika inaponyesha na kambi zinapunguza wafanyakazi, yeye yuko nyumbani bila safari. Wiki nane za kipindi hicho zinaingia ndani ya siku 90 za viza fupi, na anarudi mapema kabla ya Julai. Kabla ya kulipa, aiulize shule mambo matatu kwa maandishi: ni nani hasa wanaolala katika nyumba hiyo, wanakula saa ngapi na je wanakula pamoja na mgeni, na kama kutakuwa na mwanafunzi mwingine anayezungumza Kiingereza. Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, aombe nyumba nyingine, hata kama iko mbali na katikati ya mji na ina ngazi nyingi za kupanda.