Barua ya 9 Desemba 1961 ifundishwe shuleni

Kila Desemba tunasimulia Uhuru wa Tanganyika kwa bendera ya usiku wa manane na mwenge juu ya Kilimanjaro, basi. Inaudhi. Kijana anamaliza kidato cha nne akijua TANU ilipata viti 70 kati ya 71 mwaka 1960, lakini hajawahi kusikia barua ambayo serikali ya Nyerere ilimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa siku ile ile ya uhuru, kuhusu mikataba ambayo Uingereza ilikuwa imeisaini kwa niaba yetu.

Hatua za kikatiba zilikwenda haraka. Mkutano wa katiba ulikaa Dar es Salaam Machi 1961, serikali ya madaraka ya ndani ikaanza 1 Mei, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya uhuru. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala kwa usimamizi wa Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipaswa kuufuta udhamini huo. Tarehe 14 Desemba tukapokelewa uanachama.

Pagumu palikuwa kwenye mikataba. Uingereza ilikuwa imesaini mingi kwa niaba ya Tanganyika, na ilikuwa na mazoea ya kuipa nchi inayojitawala hati ya kuirithi yote kwa mkupuo. Ghana, Nigeria na Sierra Leone zilikubali. Nyerere alikataa, na alikuwa na haki. Ukisaini hati ya namna hiyo unabeba madeni ambayo hujayasoma. Ukiikana mikataba yote siku moja, kesho yake huna msingi wa kurudishiwa mhalifu aliyekimbilia nchi ya jirani.

Njia aliyoichagua, na kuieleza katika barua ile, ni hii. Mikataba ya nchi mbili iendelee kwa miaka miwili, mradi upande wa pili nao uitimize. Katika muda huo ijadiliwe: ubakizwe, urekebishwe au ufutwe. Ambao haujapatiwa mwafaka hadi 8 Desemba 1963 uhesabiwe umekwisha, isipokuwa kama sheria ya kimataifa ya desturi, yaani kanuni zinazozifunga nchi kwa mazoea hata bila mkataba, yenyewe inaulinda. Mikataba ya nchi nyingi ipitiwe mmoja mmoja. Ukomo ule ndio uliokuwa na nguvu, kwa sababu anayefaidika na mkataba wa zamani hana haraka ya kukaa mezani mpaka aone tarehe inamkaribia. Uganda, Kenya na Burundi zilifuata njia hiyo, kila moja kwa marekebisho yake.

Chukua Belbase, yaani maeneo ya Wabelgiji katika bandari zetu. Mwaka 1921 Uingereza iliwapangisha Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Milele! Hoja ya Nyerere ilikuwa wazi: Uingereza ilikaa Tanganyika kwa dhamana yenye kikomo, hivyo haikuwa na uwezo wa kugawa ardhi yetu bila kikomo. Hoja hii kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki angepaswa kuitetea akiwa amefumba macho.

Nitakubali jambo moja, ingawa kwa shingo upande: barua haimlazimishi mwingine akubali. Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya Nile ya 1929, yaliyotaka ridhaa ya Misri kabla ya kujenga kazi za umwagiliaji au umeme zinazoweza kupunguza maji yake. Misri ilijibu mwaka uliofuata kwamba kwake makubaliano yale bado yanasimama. Hata hivyo msimamo wa 1962 ulitupa pa kukanyaga tulipovuta maji ya Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, na tulipokuwa miongoni mwa waliosaini mkataba mpya wa bonde la Nile kule Entebbe Mei 2010. Mkataba huo ulianza kutumika Oktoba 2024, na Misri bado haijausaini.