Mbia asiye na kura ni mgeni mwalikwa

Maofisa wa Umoja wa Ulaya wakiulizwa kwa nini fedha za maendeleo ya kanda zinachelewa kufika zinakotakiwa, hawakosi kusema kwamba dawa ni kuongeza ushirikiano na wadau. Nakubaliana nao nusu. Ushirikiano unasaidia, na ushahidi wake ni wa miaka mingi. Ila wengi wanaolisema hilo wanafikiria kikao, chai na picha ya pamoja, wakati mimi nafikiria mambo mawili makavu: nani anapiga kura, na nani anatanguliza hela.

Niliwahi kutunza vitabu vya hesabu vya chama kidogo cha jamii katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, enzi ambazo nchi hiyo ilikuwa bado ndani ya Umoja na miradi yetu ikiendeshwa kwa fedha hizo. Kwa hiyo ninayosema hapa yana harufu ya stakabadhi, na msomaji anisamehe nikizidisha.

Mfuko wa Maendeleo ya Kanda wa Ulaya ulianzishwa mwaka 1975, miaka miwili baada ya Uingereza, Ireland na Denmark kujiunga na iliyokuwa Jumuiya ya Ulaya. Kazi yake ilikuwa kupunguza pengo kati ya maeneo tajiri na yale yaliyoachwa nyuma, kama vile miji ya migodi iliyofungwa, visiwa vya mbali na kusini mwa Italia. Mwanzoni serikali kuu ziligawana mafungu na kuyatumia zilivyoona. Mwaka 1988 Tume ya Ulaya chini ya Jacques Delors ikasukuma mageuzi makubwa. Fedha za mifuko hiyo zilipangwa kuongezwa maradufu, lakini zikaja na masharti: zilenge maeneo yenye shida zaidi, zipangwe kwa miaka kadhaa, ziongezee fedha za serikali badala ya kuziba nafasi yake, na kazi yote ifanywe kwa ubia kati ya Tume, serikali kuu, mikoa na halmashauri. Vyama vya wafanyakazi na waajiri viliingizwa baadaye, kisha asasi za kiraia. Mwaka 2014 ikatolewa hata kanuni rasmi ya mwenendo wa ubia, inayozitaka serikali ziwashirikishe wabia tangu kupanga hadi kutathmini.

Sharti hilo la ubia liliwahi kuonyesha makali mapema. Mwaka 1991 Kamishna Bruce Millan, Mskoti aliyewahi kuwa waziri wa Scotland, alizizuia fedha za mpango wa RECHAR uliokusudiwa maeneo ya makaa ya mawe, kwa sababu London haikuweza kuonyesha kwamba zingekuwa nyongeza ya kweli. Halmashauri za maeneo ya migodi, zilizozihitaji fedha hizo kuliko mtu yeyote, zikasimama upande wa Brussels, yaani Tume, dhidi ya serikali yao wenyewe. Mwaka uliofuata London ikalegeza. Miaka kumi nyuma halmashauri isingekuwa hata na mtu wa kumpigia simu huko Brussels.

Mfano ninaourudia kila nikibishana na watu kuhusu jambo hili ni Ireland Kaskazini. Baada ya makundi yenye silaha kusitisha mapigano mwaka 1994, Delors aliunda kikosi kazi cha kuangalia Ulaya ingesaidiaje. Wabunge watatu wa eneo hilo katika Bunge la Ulaya, John Hume, Ian Paisley na Jim Nicholson, walilisukuma jambo hilo kwa pamoja, ingawa kisiasa Hume na Paisley hawakukubaliana karibu kwa lolote. Mwaka 1995 ukazaliwa mpango wa PEACE. Fedha zingeweza kupitia wizara kama kawaida, na ninavyoamini zingeishia kwenye barabara na majengo. Badala yake sehemu yake ilipelekwa kwenye bodi za ubia 26, moja kwa kila wilaya. Theluthi ya wajumbe walikuwa madiwani, theluthi ilitoka asasi za jamii, na theluthi iliyobaki ilikuwa ya wafanyabiashara, vyama vya wafanyakazi, wakulima na wengineo.

Mwaka 1997 DUP, chama cha Paisley kinachotaka Ireland Kaskazini ibaki ndani ya Uingereza, kilisusia mazungumzo ya amani Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland iungane, walipoingia. Hawakutaka kukaa nao chumba kimoja. Lakini kwenye bodi za wilaya madiwani wa vyama hivyo viwili walikuwa wanakutana kuamua kituo kipi cha vijana kipewe fedha na kipi kisubiri. Sidhani kwamba walipendana. Walikuja kwa sababu bodi ilikuwa na fungu lake na kura ya kuligawa, na asiyehudhuria alijua mtaa wake utarukwa. Bodi ya ushauri isingewaleta. Nani avunje mwiko wa chama chake kwa ajili ya kwenda kutoa maoni?

Mpango huo haujafa hadi leo. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998 yaliunda chombo cha pamoja cha Kaskazini na Kusini cha kusimamia programu za Umoja wa Ulaya, na daraja la waenda kwa miguu na baiskeli lililofunguliwa Derry mwaka 2011 lilijengwa kwa fedha za awamu ya tatu. Linavuka mto Foyle hadi Ebrington, palipokuwa kambi ya jeshi la Uingereza, na kuunganisha upande wenye Wakatoliki wengi na upande wenye Waprotestanti wengi. Hata baada ya Uingereza kujitoa, London ilikubali kuendelea kuchangia awamu mpya, PEACEPLUS. Ni programu chache za Brussels ambazo serikali ya Uingereza ya zama hizo ingezibakiza kwa hiari yake.

Lakini ubia unaweza pia kuharibiwa na watu wanaoupenda mno, na hapo ndipo Wales inapoingia. Mwaka 2000 Wales Magharibi na Mabonde, maeneo ambayo pato lake kwa kila mtu lilikuwa chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja, yaliingizwa kwenye daraja la juu kabisa la msaada. Bunge la Wales lilikuwa halijamaliza hata mwaka tangu lianze kazi. Kiongozi wake wa kwanza, Alun Michael, alijiuzulu Februari 2000 akikabiliwa na kura ya kutokuwa na imani naye, kwa sababu alishindwa kupata kutoka London uhakika wa mchango wa ndani unaotakiwa kuambatana na fedha za Ulaya. Ni nadra kusikia kiongozi ameangushwa na fedha za mchango.

Baada ya hapo wakajenga ubia wa theluthi tatu kama wa Ireland Kaskazini, ila wakauweka kila mahali. Kulikuwa na ubia wa kila halmashauri kati ya 15, kisha ubia wa kisekta juu yake, kisha ofisi ya fedha za Ulaya ya Wales. Andiko la mradi lilipanda ngazi hizo moja baada ya nyingine. Wenyewe wenye kampuni ndogo, waliotengewa theluthi ya viti, wakawa wa kwanza kuacha kuhudhuria, maana mwenye karakana ya watu sita hawezi kufunga duka kila wiki aende kikaoni. Viti vyao vilikaliwa na watu wanaolipwa mshahara kuhudhuria. Ilipofika awamu ya 2007, serikali ya Wales ilipunguza ngazi hizo. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, ila pale tatizo halikuwa wingi wa manahodha. Kila mmoja aliweza kukichelewesha chombo, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema ndiyo ikawa ndiyo.

Wanaopinga ubia huishikilia Wales wakisema: mnaona, wabia wanachelewesha, na fedha za Ulaya hazisubiri. Ni kweli hazisubiri. Fungu lililotengwa mwaka fulani lisipotumika na kudaiwa ndani ya miaka mitatu inayofuata, hurudi Brussels. Ndiyo maana muda ukikaribia kuisha maofisa hutafuta mradi mkubwa unaomeza fedha haraka, na mara nyingi huwa barabara au jengo. Mimi nasema ucheleweshaji wa mwanzo, ule wa kubishana mradi upi unahitajika, ni nafuu kuliko wa mwishoni, wakati jengo limekamilika na hakuna wa kulitumia. Lakini hoja hiyo inasimama tu kama mabishano yana siku ya mwisho na kuna mtu wa kupiga mhuri.

Sasa hela. Kwa kawaida mfuko huu hautangulizi malipo kwa mwenye mradi. Unatumia kwanza, unakusanya stakabadhi, unapeleka madai, halafu unasubiri. Kwa chuo kikuu au halmashauri hilo ni suala la uhasibu. Kwa chama cha jamii ni suala la kama mishahara ya mwezi huu italipwa. Kwenye kamati mwenyekiti wetu alikaa bega kwa bega na watu wa chuo, kura moja kwa moja. Kwenye benki hawakuwa sawa hata kidogo. Wao walikuwa na idara nzima ya fedha. Sisi tulikuwa na mimi, nusu siku, na kabati lililojaa bahasha za tiketi za basi. Ofisi iliyosimamia madai yetu iliwahi kuturudishia furushi zima kwa sababu jedwali la saa za kazi la mtu mmoja lilikosa sahihi. Mwenye sahihi alikuwa likizo Pakistan. Madai yakakaa, na mkopo wa benki ukaendelea kula riba ambayo hakuna aliyeturudishia.

Matokeo yake hayaonekani kwenye ripoti yoyote. Vyama vidogo haviandamani wala havilalamiki. Vinaacha tu kuomba. Kisha kamati inakaa na kushangaa kwa nini miradi yote inatoka kwa taasisi zilezile nne, na mtu anapendekeza semina ya kuhamasisha ushiriki.

Ndiyo maana kwangu hatua kubwa kuliko kanuni ya mwenendo ya 2014 ni mabadiliko ambayo hakuna mwanasiasa aliyeyapigia picha: malipo kwa viwango vilivyokubaliwa mapema, badala ya stakabadhi mojamoja. Katika awamu ya 2021 hadi 2027, mradi usiozidi gharama ya euro 200,000 kwa kawaida unatakiwa kulipwa kwa njia hiyo. Ukifanya kazi uliyoahidi unalipwa kiwango chake, na tiketi ya basi haimhusu mkaguzi. Kama sheria hiyo ingekuwepo enzi zangu, nusu siku yangu ingetumika kwa jambo la maana.

Kuna kona ya mfuko huu iliyo karibu na sisi wa pwani kuliko wengi wanavyojua. Mayotte, kisiwa cha Ufaransa ambacho Komoro bado inakidai na ambacho wakazi wake wengi huzungumza Shimaore, binamu wa karibu wa Kiswahili, kimekuwa kanda ya pembezoni ya Umoja wa Ulaya tangu 1 Januari 2014. Fedha za maendeleo ya kanda zinafika huko. Katika awamu ya kwanza aliyezisimamia alikuwa Prefekti, mwakilishi wa Paris, wakati huko Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, Baraza la Kanda lilikuwa linasimamia zake lenyewe. Baadaye Mayotte ikaundwa taasisi ya pamoja ya serikali ya Paris na Baraza la Departementi, na hiyo ni afadhali. Lakini fomu bado ni za Kifaransa, huku lugha ya nyumbani ya wengi ikiwa Shimaore au Kibushi. Chama cha kina mama wa kijiji kinaweza kupewa kiti kwenye kamati bila kuwahi kuweza kuandika andiko la mradi. Ningetaka kuona fedha za usaidizi wa kiufundi zikilipa mtu anayekaa nao na kuandika nao, kwa lugha yao.

Réunion nayo inasimamia programu ya ushirikiano wa Bahari ya Hindi, ambayo Kenya na Tanzania zimo kwenye eneo lake. Tatizo ni lilelile la benki. Kwa muda mrefu upande wa Ulaya ulilipwa na mfuko huu, na nchi jirani zikategemea mfuko mwingine wa Ulaya wenye kalenda na fomu zake. Mtafiti wa Réunion alikuwa na bajeti, mwenzake wa ng'ambo akawa na barua ya mwaliko.

Haya yote yana uzito sasa kwa sababu Julai 2025 Tume ilipendekeza kwamba kuanzia 2028 fedha za kanda na za kilimo ziunganishwe kwenye mpango mmoja kwa kila nchi mwanachama. Mipango hiyo inaitwa ya ubia wa kitaifa na wa kikanda. Kamati ya Kanda ya Ulaya, chombo cha Umoja kinachowakilisha mikoa na halmashauri, imeipinga kwa nguvu, ikiogopa kwamba serikali kuu zitashika kalamu na mikoa itaitwa kusoma kilichoandikwa. Nina hofu hiyo hiyo, ila siamini kwamba kuongeza aya nyingine kuhusu wadau kutaiondoa. Ningekuwa mbunge wa Bunge la Ulaya ningeanza kusoma rasimu kutoka nyuma, kwenye vifungu vya malipo. Ningetaka kila mpango utenge fungu ambalo bodi za wilaya au za mkoa zinaligawa kwa kura bila kuomba ridhaa ya wizara, na vyama vyenye miradi ya chini ya zile euro 200,000 vipokee sehemu ya fedha kabla ya kuajiri mtu wa kwanza.