Bahari ya Hindi Inamhusu Mtoto wa Kisumu

Katika kikao cha familia yetu huko Ahero juma lililopita, mzee mmoja wa ukoo alimuuliza mpwa wangu, mwanafunzi wa sayansi ya uvuvi aliyekuwa ametoka kwenye safari yake ya kwanza ya utafiti baharini, kuna faida gani kwa mtoto wa ziwani kwenda kuwapimia watu wa Pwani maji yao ya chumvi. Binti huyo aliinamisha kichwa kwa adabu asijibu. Mjomba hawezi kubishana na mkubwa wake mbele ya wageni, kwa hiyo jibu langu naliandika hapa, na naliandika kwa uchungu kwa sababu swali hilo liliulizwa Ahero, kwenye tambarare ya mto Nyando, mahali ambapo hakuna nyumba isiyojua mafuriko.

Mwishoni mwa mwaka 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi yalipata joto kupita kawaida, huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo ulitufikia ukiwa mvua za vuli ambazo hazikutaka kukatika. Mwezi Novemba ardhi iliporomoka Pokot Magharibi na kuua makumi ya watu; mvua za masika zilipofuata, ziliukuta udongo umeshiba, watu wa Budalang'i wakahama makwao, maji yakaingia kwenye vibanda vya samaki pale Dunga, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limepita hata kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee wetu walikuwa wakikisimulia. Kimo hicho cha zamani nacho kilianza na mvua za mwaka 1961, zilizokuja wakati bahari ikiwa katika hali hiyohiyo. Hata hivyo, ni mwaka 1999 tu ndipo wanasayansi walipoieleza wazi tabia hii ya bahari kupata joto upande mmoja na kupoa upande wa pili, na waliweza kuieleza kwa sababu watu wengine, miaka mingi kabla yao, walikubali kulala melini na kuandika joto la maji usiku na mchana. Anayelima mpunga Ahero anategemea vipimo hivyo kuliko anavyodhani, na mimi sioni kwa nini mtoto wake asiwe miongoni mwa wanaovichukua.

Nilimwomba mpwa wangu anieleze kazi yenyewe, nami nikamsikiliza hadi usiku. Alinieleza fremu ya chuma iliyozungushiwa chupa ndefu za kijivu, yenye vihisio vya joto, chumvi na kina, ambayo huteremshwa kwa winchi chupa zikiwa wazi juu na chini, kisha zikafungwa moja moja kwa amri kutoka melini wakati fremu inapopanda. Zamu yake ilikuwa ya usiku. Sitahani kila mtu alikuwa akitokwa na jasho, lakini alipoishika chupa iliyojazwa kwenye kina cha mita 1,000, ubaridi ulimpenya vidoleni, kwa maana maji ya huko chini hayafiki nyuzi 10. Maji ya kupimia oksijeni hutolewa kwanza kabla ya mengine yote. Mpira huzamishwa hadi chini ya kichupa, maji huachwa yafurike bila kiputo hata kimoja, kemikali mbili huongezwa, na mashapo ya kahawia huanza kutuama. Kichefuchefu cha mawimbi kilikuwa kikimsumbua, na bado aliandika kila namba kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa.

Njia hiyo ya kupima oksijeni, ambayo mkemia Winkler aliitangaza mwaka 1888, ndiyo hiyohiyo inayotumika ziwani, na sisi ambao tumewaona samaki wa vizimba wakielea wamekufa kwa kukosa hewa tunajua thamani ya mtu anayeweza kuifanya bila kukosea.

Nakubali kwamba siku moja ya meli baharini inagharimu fedha nyingi. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba ziwa letu lina magonjwa yake yanayotosha kuwashughulisha watafiti maisha yao yote. Lakini nchi hii ina meli yake ya utafiti, RV Mtafiti, tuliyopewa na Ubelgiji, na taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi ina kituo papa hapa Kisumu, kwa hiyo umbali wa bahari si sababu ya kumfungia mtu mlango. Kinachowafungia vijana wetu ni mambo madogo yanayohesabika kwa shilingi. Dada yangu, mama yake binti huyu, aliuza omena katika soko la Kibuye hadi nauli ya basi ya kwenda Mombasa ikatimia, na siku ya kuondoka bado walikuwa wakitafuta fedha za viatu vya kazi. Nafasi za wanafunzi melini zitangazwe mapema katika vyuo vya huku Magharibi, na nauli, viatu na ada ya mafunzo ya usalama baharini viingizwe kwenye bajeti ya safari tangu siku ya kwanza, pamoja na mafuta ya meli.