Wiki nane za mafunzo kwa vitendo hazitumiki ipasavyo

Ninakubaliana na mwandishi wa makala kuhusu ajira za wahitimu kwamba sharti la uzoefu wa miaka mitatu kwa nafasi za ngazi ya chini linawafungia mlango wahitimu wetu hapa Tanzania, ila naona amepita haraka mno kwenye suala la mafunzo kwa vitendo. Nilipomaliza stashahada ya uhasibu, wiki zangu nane za mafunzo hayo zilikuwa zimeishia kwenye kutoa nakala na kupanga majalada, kwa hiyo nilipoulizwa katika usaili wa kwanza namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, nilijibu kwa nadharia tupu. Kilichonisaidia ni kumwomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi nimfungie hesabu za kila mwezi na kumwandalia ritani za kodi, kazi ambayo baadaye niliiandika kwenye wasifu wangu, naye akakubali kuwa mdhamini wangu. Wahitimu wajisajili pia TaESA, huduma ya ajira ya serikali inayowaunganisha na waajiri. Vyuo navyo viwatembelee wanafunzi kazini na kuwauliza wamefanya nini hasa, badala ya kusaini vitabu vyao vya kumbukumbu tu.