Bonde la Mazinde Mgongoni mwa Mzee

Najua mmeshaisikia. Swahiba wangu ameimwaga kila grupu, na chumvi yake juu, eti niliruka dirishani. Sikuruka. Dirisha lenyewe lilikuwa halifunguki.

Ijumaa alfajiri tulitoka Lushoto tukapanda Irente. Mimi ni mtu wa rangi za maji: unapaka, unapuliza, imekauka. Siku hiyo nikajitia fundi wa rangi za mafuta. Pale ukingoni unaichungulia Mazinde chini kabisa, mkonge umepangwa mistari kama daftari la darasa la pili, na milima kila ikienda mbali inazidi kuwa bluu na kupauka. Ile bluu niliikamata, wallahi. Ukungu nikaupaka kwa kisu, mnene kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Muuza rangi alishanieleza kwamba mafuta ya kitani hayakauki kama maji, yanakula hewa polepole, siku kadhaa, na ukipaka nene hata wiki. Nilikuwa naitikia tu huku naangalia bei.

Saa tano na nusu tumo ndani ya Hiace kuelekea Mombo. Kanvasi nimeipakata, upande wa rangi nimeugeuzia mbele usinichafulie shati. Ndiyo, shati. La mtumba. Elfu tatu. Mbele yangu, kwenye kile kiti cha kukunja kilichong'oka egemeo, mzee mmoja na kanzu yake nyeupe pee, anawahi swala Soni.

Ile barabara mnaijua kwa kona. Kila kona mzee anarudi nyuma, nami naikaza kanvasi kwa magoti ili apate pa kuegemea. Adabu hizo! Mama alinilea.

"Soni wapo?"

"Shusha."

Mzee akainuka. Nikasikia *nyaaa*, kama plasta inayobanduka kwenye kidonda. Kwanza likatoka anga, bega hadi bega. Kisha milima, mmoja mmoja, yote mitatu, ila wa kushoto umehamia kulia. Kisha mkonge, mistari imenyooka kuliko nilivyoichora mimi. Mwisho kabisa, usawa wa kiuno, kijumba changu cha bati jekundu.

Gari zima kimya. Mama mwenye tenga la peasi ndiye aliyevunja: "Mashaallah, si Irente hiyo?"

Mzee akawa anajizungusha autazame mgongo wake, na kila akizunguka bonde nalo linazunguka, sasa stendi nzima inaliona. Konda anauliza nauli ya mlima analipa nani. Nikafungua kinywa niombe radhi, kikatoka kitu kingine:

"Shikamoo mzee."

Ya tatu siku hiyo. (Hapa swahiba hakusema uongo.)

"Marahaba. Mgongoni kuna nini, mwanangu?"

"Ni... Mazinde, mzee wangu."

Mengine fupi. Alifunikwa kikoi cha swahiba akaingia kuswali. Tapentaini iliusambaza ukungu hadi mikononi. Kanzu mpya nimenunua, pesa ya kodi, msiniulize. Kanvasi ina upara wa umbo la mgongo, nikampelekea na yenyewe, maana aliitaka.

Ila ile kanzu mkewe kagoma isifuliwe, kaitundika sebuleni. Jana mzee kapiga simu kuuliza itakauka lini, wajukuu wanaigusa.

Nikamwambia bado, mzee wangu. Hasa pale kwenye ukungu.