Ubao wa kibanda umiza na asilimia za huku

Tulipokuwa wadogo Morogoro, mwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, cha mtaani kwetu alikuwa na ubao mweusi aliouegesha mlangoni. Kila siku aliandika kwa chaki picha za siku hiyo: saa nane ya Kichina, saa kumi ya Kihindi, saa moja usiku ya makomando. Mbele ya kila jina aliandika KALI, na kama mkanda ulikuwa mpya aliandika KALI SANA. Sikumbuki hata siku moja ubao ule uliposema picha ni ya kawaida. Hakuna aliyemlaumu, maana ndiye aliyekusanya viingilio, na mwenye mali husifu mali yake. Sisi tulisubiri nje mpaka wa saa nane watoke. Ukiona wanatoka wanabishana, mmoja anarusha teke la hewani kumwonyesha mwenzake steringi alivyomwangusha adui, unajua hapo pana picha. Wakitoka kimya, wanakung'uta suruali na kuulizana habari za mpira, unageuza na hela yako mfukoni.

Nina miaka kumi na moja sasa Birmingham, Uingereza. Kuna mengi huku yaliyonifurahisha, na kumbi za sinema ni mojawapo: kiti chako mwenyewe, sauti inayokuzunguka, umeme usiokatika steringi akiwa katikati ya daraja. Lakini kuna jambo moja sijalizoea na sitaki kulizoea. Huku watu wanauamini ubao.

Mwaka 2023 tulienda wanne kutoka kazini kuangalia Oppenheimer, filamu ya yule mwanasayansi wa bomu la atomiki. Inachukua saa tatu kamili. Aliyekaa kushoto kwangu alitoa simu mara nne, niliona mwanga. Alipiga miayo, alitoka mara moja, aliporudi akauliza amekosa nini. Tulipofika nje akasema ni filamu bora aliyoiona mwaka huo, tisa kwa kumi. Nikamuuliza kwa nia njema kabisa: kipi hasa kilichokugusa? Akafikiri, halafu akasema, "Lakini si unajua imepata asilimia ngapi?"

Mimi nilimweleza nilichokiona. Pale bomu la majaribio linapolipuka, sauti inakatika, ukumbi mzima unabaki na moto na pumzi za watu, nilikaza mkono kwenye kiti bila kujijua. Hiyo sehemu sitaisahau. Baada ya hapo kuna karibu saa nzima ya wanaume wenye suti kuhojiana vyumbani, na kwa mtu kama mimi, ambaye siasa za Marekani za miaka ya hamsini sikuzisoma shuleni, ilikuwa safari ndefu. Kuna maneno niliyakosa kwa sababu muziki uliyafunika. Kwa hiyo ni filamu kubwa yenye theluthi ya mwisho nzito. Mwenzangu akaniangalia kama nimetukana mzee wa mtu, wakati naamini alichoka kuliko mimi.

Nilikuja kuelewa tatizo vizuri nilipojifunza namba zile zinavyopatikana. Wengi wakiona Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, imeandika asilimia 95 wanadhani filamu imepata 95 kwa 100, kama mtihani. Sivyo. Ile asilimia inahesabu wahakiki wangapi wameikubali filamu kwa ujumla. Wahakiki kumi wakitazama filamu na kila mmoja akasema "si mbaya, inapita, sita kwa kumi", filamu inaweza kupata asilimia 100. Filamu nyingine watano waipende mpaka walie, watano waichukie, itapata 50 na kuwekewa alama ya nyanya iliyooza, kwa sababu mpaka wao ni 60. Sasa niambie ipi kati ya hizo mbili inafaa kupotezewa jioni yako. Mimi ningeenda kwenye ya pili mbio. Picha nyingi nilizozipenda utotoni zingegawa watu hivyohivyo.

Ndiyo maana katika miaka hii ya karibuni nimekaa mbele ya filamu nyingi zenye 90 na kitu zilizokuwa safi, zimepigwa picha vizuri, waigizaji wanajua kazi, na kesho yake asubuhi sikumbuki jina la mhusika hata mmoja. Hazikumuudhi mtu, na kutomuudhi mtu kunapanda sana kwa hesabu ile.

Halafu kuna kipimo chenyewe kilivyobanwa. Nilisoma Tanzania. Kidato cha nne, 75 ni A, na 65 ni B, ukiipeleka nyumbani unachinjiwa kuku. Lakini kwenye IMDb, tovuti ambapo watazamaji huipa filamu alama moja mpaka kumi, 6.5 watu wanaitazama kama ugonjwa. Saba ndiyo "ya kawaida", nane ndiyo "nzuri", na mtu akifurahi kidogo tu anatoa kumi. Namba za moja mpaka tano zimeachiwa wenye hasira. Ukiwa na ngazi kumi na watu wote wamejazana kwenye nne za juu, huwezi tena kujua nani yuko juu ya nani.

Tena tuulize ubao unaandikwa na nani. Mwaka 2015 mwandishi Walt Hickey wa FiveThirtyEight, tovuti ya habari za takwimu, aliichunguza Fandango, kampuni inayouza tiketi za sinema Marekani na wakati huohuo inaonyesha nyota za watazamaji. Aligundua kwamba nyota zile zilikuwa zinasogezwa juu kila mara. Wastani ukiwa 4.1, hisabati tuliyofundishwa inasema uandike 4, lakini pale ilisomeka nyota nne na nusu. Kampuni ilieleza kwamba ni hitilafu ya programu. Mwaka uliofuata, 2016, kampuni hiyohiyo ikainunua Rotten Tomatoes. Yaani anayeuza tiketi ndiye mwenye ubao. Sisemi kwamba zile asilimia zinapikwa, sina ushahidi huo. Nasema pale Morogoro tulijua kabisa kwamba mwenye kibanda ndiye mwenye chaki, na tulijipanga kwa kujua hivyo. Huku sijakutana na mtu aliyewahi kujiuliza.

Na yapo yaliyopikwa kwelikweli. Mwaka 2001 iligundulika kwamba Sony ilikuwa imebuni mhakiki, ikampa jina David Manning na gazeti la kutokea, ikaweka sifa zake kwenye matangazo ya filamu zake. Mtu huyo hakuwapo duniani. Mwaka 2023 tovuti ya Vulture ikaandika habari za kampuni ya uenezi iliyokuwa inawalipa wahakiki wadogo ili waandike juu ya filamu za wateja wake, na namba zikapanda. Mwenye kibanda wetu hakufika huko. Aliandika KALI kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya macho yetu.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao unaniuma zaidi, nao ni wa kushusha. Mwaka 2019 Rotten Tomatoes ililazimika kuondoa sehemu ambapo watu walikuwa wanasema kama wana hamu ya kuona filamu au la, baada ya filamu ya Captain Marvel kushambuliwa kabla haijatoka. Kabla haijatoka! Kule kibandani ungesema picha mbovu na hukuingia, ungeambiwa ukae pembeni usubiri wenye macho.

Lakini wanaoshusha alama tusiwaweke wote kapu moja. Chukua Emilia Pérez ya 2024. Ni hadithi ya Meksiko iliyotengenezwa na mkurugenzi wa Kifaransa, sehemu kubwa ndani ya studio karibu na Paris. Ikapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, ikateuliwa Oscar mara 13. Watazamaji wa Meksiko wakaikataa: lafudhi si zetu, maumivu ya ndugu zetu waliopotea yamegeuzwa nyimbo. Alama za watazamaji zikaporomoka, na niliona watu wakisema hao ni washambuliaji wa mitandaoni tu. Niliiangalia nyumbani mpaka mwisho. Zoe Saldaña anaigiza kwa moyo wote na Oscar yake aliistahili. Sehemu zilizobaki niliziona kama mtu anayesimulia msiba wa jirani ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwake. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo. Tumeshaona picha ambamo mtu wa "kwetu" anafungua mdomo, kikatoka Kiswahili kisicho cha Tanga, Mombasa wala Goma. Ukumbini huku hakuna aliyetikisika. Kwenye kibanda umiza watu wangepiga kelele mpaka mwenye kibanda azime.

Ile sauti ya watu ndiyo ninayoikosa kuliko kitu chochote. Watazamaji hawakusubiri kufika nyumbani waandike. Picha ikizubaa, mtu nyuma anasema "peleka mbele". Steringi akifanya ujinga anaambiwa hapohapo. Na tulikuwa na watafsiri: Lufufu kwa upande wetu, DJ Afro kwa majirani zetu Kenya, watu waliochukua picha ya ugenini, wakaweka sauti yao juu yake, wakatwambia nani mwizi, nani shemeji, na pale hadithi ilipokuwa dhaifu waliitia nguvu au waliisema waziwazi. Ule ulikuwa uhakiki, tena kazi ngumu, kwa sababu lazima uifanye picha ikiwa inatembea na watu wamelipa.

Sasa nisiwasifie nyumbani kupita kiasi, maana nasi ubao tunao, tena siku hizi tunaujaza wenyewe. Angalia uzinduzi wa filamu yoyote ya kwetu: anayetoka ukumbini anawekewa kipaza sauti, anasema ni kali, Watanzania wote waje, tuunge mkono cha nyumbani. Wote wanasema hivyo. Hakuna anayesema kwamba sauti ilikuwa inapotea kila walipokuwa barabarani, au kwamba mzozo wa dakika kumi umevutwa saa nzima ili ipatikane sehemu ya pili.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Miaka mitatu iliyopita niliona filamu moja ya nyumbani, ndogo, ya vijana. Niliposikia sauti ya bodaboda na mama akimwita mtoto kwa jina la kwetu, nililegea. Nikaipa kumi IMDb, nikamwambia rafiki yangu wa hapa, mtu wa Jamaika anayependa sana filamu, aitazame. Akaitazama yote, kwa heshima yangu. Akaniuliza, "Wewe uliipendea nini?" Nikaanza kumweleza nyumbani kulivyo. Akasema, "Hiyo nimeelewa. Nauliza filamu." Nilikaa kimya. Nilikuwa nimepigia kura hamu yangu ya nyumbani, na wale vijana walioitengeneza hawakupata kwangu neno hata moja la kuwasaidia katika kazi yao inayofuata. Wangeambiwa kwamba mtoto yule anaigiza vizuri kuliko wakubwa wote, na kwamba dakika ishirini za katikati zikatwe, wangekuwa na kitu cha kushika. Kumi haina cha kushika.

Tangu siku hiyo sitoi namba. Ninaandika mistari mitatu au minne: kipi kilinishika, wapi nilichoka, nani aiangalie. Na nawaomba wanaonizunguka wanifanyie hivyo. Wengine wanaona ni usumbufu, lakini yule wa kazini aliyepiga miayo mwaka 2023 siku hizi ananiambia "niliondoka katikati" bila aibu, na tangu aanze kusema hivyo nayaamini maneno yake anaposema filamu ni nzuri.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada, aliniandikia kutoka Morogoro. "Shikamoo mjomba. Hii Sinners ina 97, niitafute?" Namba kaipata wapi sijui, lakini imeshafika mpaka kule, kwenye mtaa uleule wa ubao wa chaki. Bahati nzuri nilikuwa nimeiona. Ni ile ya Ryan Coogler, Mississippi mwaka 1932, Michael B. Jordan anaigiza mapacha wanaorudi kutoka Chicago kufungua ukumbi wa dansi kwenye kiwanda cha mbao cha zamani.

Nikamjibu: "Marahaba. Saa ya kwanza inakwenda taratibu, vumilia, wanakujulisha watu ili baadaye uwaonee uchungu. Kuna mahali kijana anapiga gitaa na wanamuziki wa zamani na wa siku zijazo wanaingia kucheza pamoja naye. Pale simamisha, rudia. Mapigano ya mwisho ni ya kawaida, umeshaona bora zaidi. Usiiangalie na bibi, kuna mambo ya kitandani na damu nyingi. Tafuta spika, hiyo si ya kuangalia kwa sauti ya simu."

Akaandika, "Sawa mjomba. Kwa hiyo unaipa ngapi?"

Nikamwambia aiangalie na wenzake wawili, halafu anipigie kabla hajasoma kitu mtandaoni. Alipiga Jumapili jioni. Hatukuwa tumemaliza kusalimiana nikasikia nyuma yake wenzake wanabishana, mmoja anasema pacha yule alikosea kufungua mlango, mwingine anasema ungekuwa wewe ungefanyaje, na spika ikiwa bado inapiga lile gitaa.