Nimelipa dola kula ukoko

Mi niko Los Angeles mwaka wa saba sasa, kazi yangu kulea wazee, shifti ya usiku, na baada ya mke wangu watu walionilisha vizuri kwenye hii nchi ni Wakorea, sitanii. Unatoka kazini alfajiri, mvua ya Januari inanyesha (huku mvua ni ya kipindi hicho, na baridi yake inaingia mpaka kwenye magoti), tumbo linaunguruma, unakata kona kuingia Koreatown na taa za wale jamaa wa sundubu unakuta zinawaka. Kimgahawa cha meza kama kumi na mbili. Menyu karatasi moja, na karibu kila kilichoandikwa ni mchuzi uleule, tofauti ni cha kutia ndani tu, ukitaka chaza na kamba haya, uyoga haya, ng'ombe haya, nguruwe pia yupo kwa hiyo mi kabla sijakaa nauliza kwanza supu yake imechemshiwa nini. Afu unaambiwa chagua pilipili, toka isiyo na pilipili kabisa hadi ile ya kukutoa makamasi.

Sundubu kwa asiyejua ni mchuzi mwekundu wa pilipili wenye tofu laini, laini kweli, mtindi wa mgando una afadhali kwa ugumu. Mwanzo nilikuwa naidharau tofu, naiona chakula cha wagonjwa. Siku rafiki yangu wa kazini, Mkorea, aliponieleza inavyotengenezwa ndo nikaacha ujuaji, maana ni kazi ya tui ile. Unaloweka soya, unasaga, unakamua kwenye kitambaa, unachemsha, afu unatia maji machungu ya chumvi ya bahari, maziwa yanakatika na kuganda. Tofu za kawaida wanazikandamiza maji yatoke zikatike vipande, hii hawaikandamizi, wanaiacha na maji yake. Akanambia kwao kuna mji wa pwani unaitwa Gangneung, kuna mtaa wa Chodang, wale wanagandishia maji ya bahari yenyewe. Mtu wa Tanga ukimwambia hivyo hakuulizi swali la pili.

Na kinachokuja mezani ni chungu. Chungu cheusi cha udongo, kimetoka motoni sasa hivi, mchuzi unaruka mpaka kwenye mkono wako, pembeni wamekuwekea yai bichi, unalipasua unalitumbukiza wewe mwenyewe na linaivia humohumo huku unaangalia. Dakika kumi baadaye bado kinatokota. Mi nikaanza kukumbuka chungu cha mama cha samaki wa nazi, kile hakijawahi kutoka jikoni hata siku moja, akija mgeni wanatolewa kina hotpoti na zile sahani za kwenye kabati la kioo, chungu kinabaki kule nyuma kimefunikwa na kanga kama ndugu mlevi.

Sasa subiri wali. Wali kila mtu analetewa kijungu chake cha jiwe, mhudumu anakupakulia wote kwenye bakuli, zinabaki zile punje zilizoshika chini, UKOKO, wenyewe wengine mnaita matandu, anamiminia maji ya moto juu yake, anafunika, anaondoka zake. We unakula taratibu, unamaliza tofu yako, mwishoni unafunua unakuta ukoko umelainika na maji yamepata ule moshimoshi, unakwangua na kunywa. Hiyo kwao ndo hitimisho la chakula, wazee wanaisubiri. Nimekaa pale nimeshika kijiko nakwangua, nikasikia sauti ya sufuria la nyumbani mimi na kaka yangu tunagombania upande ulioungua zaidi. Nilimpigia mama simu nikiwa bado mezani. Akauliza, "Na hela umetoa?" Nikamwambia dola ishirini na kitu kwa ujumla mama, elfu hamsini na ushee. Akacheka mpaka akaanza kukohoa.

Kuna kitu kingine kilinishangaza. Yule mhudumu ni mmama wa makamo, na wateja wa Kikorea wakimtaka wanamwita "imo". Nikauliza maana yake nini, rafiki yangu akasema ni aunti. Nikamuuliza aunti yupi, wa kwa baba au wa kwa mama? Akanitazama kama nimemuuliza pin ya benki. Kumbe wao wanatenganisha kama sisi, imo ni mama mdogo au mama mkubwa, wa upande wa baba ana jina lake. Tokea hapo na mimi namwita imo, na yeye vile vikachumbari vyao vya pembeni, kimchi, machipukizi ya maharage, kasamaki kadogo kamekaushwa kwa mafuta, vikiisha ananiongezea hata sijaomba. Bure hivyo. Nyumbani kuna sehemu kachumbari ukiomba mara ya pili unaangaliwa kama umeiba.

Ila nisiwapambe sana. Ukimaliza kula bili imeshawekwa hapo mezani, kuna watu mlangoni wanasubiri, na kile kimashine cha kulipia kinakuuliza tipu asilimia kumi na nane, ishirini au ishirini na tano huku mwenyewe amesimama anakutazama, hapo hakuna umama mdogo tena. Kwa mama ntilie wa nyumbani ukipungukiwa anakwambia utaleta kesho, na ukishiba unakaa unachokonoa meno unabishana Simba na Yanga mpaka kivuli kihame. Na kula peke yako mi sijazoea hadi leo. Siku moja chungu kimefika, kuna kibabu kimekaa meza ya jirani kinaniangalia, mdomo ukanitoka wenyewe nikasema "karibu". Hakuelewa neno, ila akainamisha kichwa, akainua kijiko chake juu kidogo, akaendelea.

Sasa hoja yangu ambayo najua itaudhi watu. Sisi Waswahili huku kila siku tunalalamika chakula chetu hakijulikani, mbona Wahabeshi wanajulikana, mbona Wakorea. Haya, mwaka 1986 mama mmoja anaitwa Monica Lee alifungua Beverly Soon Tofu hapahapa Koreatown, sundubu basi, akaishikilia mpaka 2020. Mwaka 1996 akaja mwingine, Hee Sook Lee, akafungua BCD, jina amelitoa kwenye mtaa wa Bukchang-dong kule Seoul ambako mama mkwe wake alikuwa na mgahawa, leo matawi yapo mpaka New York. Hawakuanza na menyu ya kurasa nane. Sisi mtu akifungua mgahawa ughaibuni anaweka pilau, biriani, ugali, nyama choma, sambusa, samaki wa kupaka, na kwa tahadhari anaongeza pasta na kuku wa kukaanga eti wazungu wasitishike. Unaagiza samaki unaambiwa ameisha, ndizi mpaka wikiendi, unabaki na wali maharage wa saa nzima. Na ukoko? Niliwahi kuuliza sehemu moja, dada wa watu akaona aibu kweli, "hatuwapi wateja hiyo kaka."

Kinachoniuma ni kwamba nyumbani hii tunaiweza sana. Yule wa supu ya pweza ni pweza tu. Urojo kule Unguja, mtu anauza urojo maisha yake yote na akifunga siku moja mtaa mzima unauliza anaumwa nini. Viazi karai, mihogo, kila mtu na chake, na foleni ipo. Tukipanda ndege sijui kinatupata nini, tunataka kuwa hoteli.

Kwa hiyo mi nimepiga hesabu zangu: mahamri na mbaazi za nazi. Basi. Asubuhi mpaka saa sita, mbaazi kwenye chungu, chungu kije mezani, pilipili unachagua kiwango, chai ya rangi ya tangawizi bure mpaka uchoke. Anayetaka pasta mtaa wa pili ipo. Mke wangu amekubali nusunusu, anasema nilete kwanza bei ya kodi ya pango. Nikampigia mama kumweleza mpango mzima, kanisikiliza kimya muda mrefu, nikajua napata baraka, kumbe alikuwa anawaza nazi. Hizo nazi zote za kila alfajiri, akauliza, nani atakaa kwenye mbuzi kuzikuna?